Slesi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Saa saba usiku, Upanga, chumba cha picha.
Kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo.
Kichwa cha Ndembo, fundi wa matofali, mtu wa Mbagala Kizuiani,
kimeshakatwa na mionzi kama mkate wa dukani:
slesi mia tatu na kumi na mbili, nyembamba kama ukucha,
na mwenyewe hakusikia kisu.
Kazi yangu ni kuurudisha mkate uwe mzima.

Nikabonyeza. Skrini ikawaza.
Kikatoka kitu ambacho mama yake asingekitambua:
taya juu ya paji, jicho linachungulia shingoni,
fuvu limeachana tabaka tabaka
kama kitunguu kilichokanyagwa Kariakoo.
Daktari Mringo aliinama begani kwangu.
"Ndivyo alivyoumia?"
"Hapana, daktari. Hivi ndivyo ninavyoumia mimi."

Nikampigia Kokushubila, aliyeiandika programu.
Yuko Magomeni; Jangwani imejaa, hapapitiki hata kwa miguu.
Sauti yake ilikuwa na usingizi na mvua ndani yake:
"Nisomee majina ya mafaili. Kwa sauti."
Moja. Kumi. Mia. Mia na moja.
"Mbili iko wapi?"
Mbili ilikuwa kule, nyuma ya mia na tisini na tisa,
kama mgonjwa asiye na ndugu dirishani.

"Inapanga namba kama herufi," akasema.
"Usiziulize majina. Uliza kila slesi
ulilala wapi pale kitandani."

Nikauliza. Kikaja kichwa,
ila kirefu kama papai:
nimeacha unene milimita moja
na mashine ilikata nusu na ushee.
Nikarekebisha. Papai likawa mtu.
Ngozi ilikuwa nzito, imeufunika mfupa kama tope;
nikaipunguza, nikaipunguza tena,
ikawa kanga iliyofuliwa miaka kumi,
na nyuma yake, ufa.
Mwembamba. Unashuka toka utosini hadi juu ya sikio.

Sikiliza, ilikuwa picha nzuri.
Nilijipongeza kimoyomoyo.
"Kulia," akasema Mringo. "Naenda kunawa."
Mlango ukajifunga nyuma yake.

Nikabaki nikikizungusha, kwa raha tu, sina haja,
mpaka mdomoni kikawaka kitu cheupe
chenye miale kama jua la mtoto wa chekechea.
Chuma. Upande wa kulia.
Nikaitafuta fomu chini ya kikombe cha chai.
Nilikuwa nimemuuliza dada yake, Somoe, kama ninavyouliza kila mtu:
ana chuma chochote mwilini?
Mwandiko ni wangu, wino ni wangu:
*jino la fedha, gego la kushoto, alitiliwa Masasi.*

Nilikimbia na ndala moja.
Korido ya pale ni ndefu, sijawahi kuipima,
ila usiku ule najua ilikuwa na taa kumi na nne
na mbili zimeungua.
Mringo alikuwa na povu hadi kwenye viwiko.
"Kushoto," nikasema. "Kushoto, kushoto."

Kosa lote lilikuwa kijistari cha kutoa.
Nilianza kuhesabu kidevuni nikadhani niko utosini,
nikamjenga Ndembo mwingine, aliye kiooni,
asiye na kasoro yoyote
ila hayupo.

Alfajiri umeme ulikatika, jenereta ikakohoa, ukarudi.
Wakati huo walikuwa wameshamaliza kumshona.
Somoe akaomba aione picha.
Taratibu zinakataza; nikamvutia kiti.
Alitazama kimya, mkoba umebanwa kifuani,
kisha akagusa kioo, pale penye jino.
"Huyu kaka," akasema,
"hajawahi kutulia namna hii tangu azaliwe."
Nikamzungushia, polepole,
kushoto kwanza.